Kutoka Karatu hadi Malimbe: chuo ambacho hatujakisoma

Kiswahili cha zamani hakikutenganisha sana kitabu na chuo. Utenzi wa Tambuka, ule wa mwaka 1728, unajulikana pia kama Chuo cha Herekali, na hapo neno "chuo" maana yake ni kitabu. Mtu aliyebobea katika vitabu tukamwita mwanachuoni, na jina hilo bado tunalo. Kwa hiyo sioni taabu kuleta uhakiki wa chuo kikuu kwenye ukurasa wa vitabu. Ninachokihakiki ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, kampasi ya Malimbe, Mwanza. Nilikwenda kama msafiri tu. Sikusoma pale, sikuwa na miadi na mtu, na nilitokea Karatu kwa basi.

Njia niliyopita ni sehemu ya uhakiki wenyewe, ndiyo maana naanza nayo.

Karatu ni mji wa mwisho kabla ya geti la Loduare, mlango wa Hifadhi ya Ngorongoro. Kila asubuhi magari ya watalii yanajaza mafuta, yananunua maji, yanapandisha mlima. Vijana wa hapa, Wairaqw na wengineo, wanayajua magari hayo kwa rangi na kwa kampuni. Wengine watakuja kuyaendesha, wengine watapika kwenye loji yanakolala. Na wapo watakaopanda basi kupita njia hiyohiyo, wakiwa na begi moja na barua ya udahili. Yule wa kwenye gari la kifahari tunamwita mtalii, na ameandikwa sana. Huyu wa kwenye basi hana hata jina katika fasihi yetu ya safari, ingawa safari yake ndiyo yenye mengi ya kupoteza: ng'ombe aliyeuzwa, shamba lililowekwa rehani, mama anayesubiri simu.

Tuanze na hao walioandika. Mwaka 1935 Hemingway alitoa Green Hills of Africa, kitabu cha uwindaji katika nchi hizi za juu za Manyara. Wengi wanakikumbuka kwa faru na kudu. Mimi nakikumbuka kwa mazungumzo ya fasihi. Hemingway anakutana porini na Mwaustria mmoja, Kandisky, na wawili hao wanakaa kujadili waandishi wakubwa na wadogo, Twain akiwemo, kama wako kwenye semina ya chuo. M'Cola, mbeba bunduki, yupo karibu nao. Hemingway anamchora kwa makini, tena kwa mapenzi, siwezi kumnyima hilo. Lakini hakuna anayemuuliza M'Cola hadithi gani zilimlea. Semina inafanyika Tanganyika, na Mwafrika ndiye amebeba bunduki.

Halafu ukaja mwaka 1959. Sijui mwaka mwingine ambao kipande kimoja cha nchi yetu kiliandikwa kwa kasi namna ile. Serikali ya kikoloni ilitenga Ngorongoro na Serengeti, Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti wakaondolewa na kuahidiwa maisha Ngorongoro. Mwezi Julai, kwenye bonde la Olduvai, Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus. Bernhard Grzimek, Mjerumani, akatoa kitabu na filamu kwa jina moja, Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife. Mwanawe Michael alikuwa amekufa Januari mwaka huohuo kwa ajali ya ndege wakiwa kazini. Mwaka uliofuata filamu hiyo ikapata tuzo ya Oscar.

Kitabu cha Grzimek ni kazi yenye nguvu, na nguvu yake inatoka kwenye huzuni ya baba. Hapo hapo ndipo pa kuwa macho. Huzuni ya kweli inabeba hoja ambayo ingesimamishwa getini kama ingekuja peke yake: kwamba hifadhi haifai kuwa na binadamu ndani, hata wenyeji. Msomaji anamlilia Michael, na akifuta machozi anakuta ameshakubali kuwahamisha watu asiowajua. Ukipita ukingo wa kreta leo, kaburi la baba na mwana lipo pembeni mwa barabara, na maandishi yake yanasema kijana alitoa vyote alivyokuwa navyo kwa ajili ya wanyama. Basi letu lilipita pale bila kupunguza mwendo. Abiria wengi walikuwa wamelala.

Hoja ile haikuishia kwenye kitabu. Kuanzia 2022 familia zimekuwa zikihamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari. Wakazi wengi wamesema huduma zilikatwa hadi hiari ikakosa maana. Agosti 2024 maelfu yao walikaa barabarani, barabara hii ninayoizungumzia, wakidai huduma na haki ya kupiga kura. Kwa hiyo nikiuliza nani anaandika barabara hii, siulizi swali la kupendezesha blogu. Kuna watu ambao makazi yao yalianza kupotea kwenye ukurasa wa kitabu.

Sasa njoo 1960. Mwaka huo Evelyn Waugh, mwandishi Mwingereza na Mkatoliki, alichapisha A Tourist in Africa, kitabu cha ziara ya mwaka uliotangulia iliyompitisha Tanganyika. Ni kitabu cha mzee aliyechoka na bado anajua kuchekesha. Namsifu kwa jambo moja: amejiita mtalii kwenye jalada, hajajifanya mtafiti wala mwokozi. Na mwaka huohuo 1960, Mkatoliki mwingine kutoka Ulaya, Joseph Blomjous, Mholanzi wa shirika la White Fathers na askofu wa Mwanza, alianzisha Nyegezi kituo cha mafunzo ya jamii. Kituo hicho kikaja kuwa chuo cha uandishi wa habari ambacho jina lake kila chumba cha habari nchini kinalijua. Mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino.

Mtaona kwa nini tarehe hizi hazinitoki kichwani. Upande mmoja wa barabara, mwaka 1959, wageni wanaandika nchi. Upande wa pili, mwaka mmoja baadaye, panafunguliwa shule ambayo itawafundisha wenyeji kuandika. Uhuru wenyewe ulikuja Desemba 1961. Watu wa Bologna wanaweza kucheka tukikiita chuo cha mwaka 1960 cha kihistoria, lakini chuo kinachoizidi nchi umri kina haki ya neno hilo. Tena kimepita tundu dogo. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizifanya shule za misheni kuwa mali ya umma, na hadi miaka ya 1990 vyuo vikuu vilikuwa vya serikali tu. Nyegezi ilivuka miaka hiyo kama taasisi ya mafunzo, bila makelele.

Malimbe iko kama kilomita 10 kusini mwa jiji, kando ya Ziwa Victoria, kwenye nchi ya mawe yale ya Mwanza yaliyopangana utadhani kuna mtu aliyapanga. Msafiri anayetafuta minara ya karne za kati hatapata kitu. Atapata madarasa, miti, wanafunzi wenye haraka, vibanda vya kutoa kopi, bodaboda, mama ntilie, na ziwa. Hiyo ndiyo sura yake ya kwanza, na ni sura nzuri. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kuonyeshwa lolote. Baada ya Karatu, ambako kila salamu inaweza kuwa mwanzo wa biashara, kutouziwa kitu kunapumzisha.

Kitu cha kusoma pale ni jina. Augustino alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste mwaka 354, mahali ambapo leo ni Algeria. Alikuwa mtoto wa mji mdogo aliyesomeshwa kwa shida ya fedha, akasafiri kwenda Carthage, kisha Roma, kisha Milano kufundisha ufasaha wa kusema. Yaani alikwenda mjini kwa ajili ya shahada na ajira, kama kijana wa basi letu. Mwaka 386 aliiacha kazi hiyo, akiwa amechoshwa na kufundisha watu kusema vizuri maneno wasiyoyaamini. Fikiria sasa: shule maarufu kwa uandishi wa habari imempa usimamizi mtu aliyeacha kazi kwa sababu maneno yalikuwa yanauzwa. Sijui kama waliochagua jina walilenga hilo. Kila mwanahabari angepaswa kulifikiria kabla ya kupokea bahasha ya kwanza.

Kaulimbiu ya chuo ni kujenga Mji wa Mungu, kutoka kitabu kikubwa cha Augustino. Hapa nina neno la kuhoji. Kitabu hicho alikianza baada ya Wagothi kuiteka Roma mwaka 410, wakati wakimbizi walipokuwa wakivuka bahari na kufika Afrika. Kilimchukua zaidi ya miaka 10. Na mji anaouzungumzia, ukiwa bado hapa duniani, ni mji ulio safarini, raia wake ni wapita njia. Kaulimbiu imechukua ujenzi, ikaacha safari. Naelewa kwa nini: taasisi lazima ijenge, ilipe mishahara, ipate ithibati. Lakini msomaji wa Augustino anayepita Malimbe angependa kuona ile nusu ya pili ikifundishwa pia: kwamba aliyefukuzwa mjini kwake ana haki ya kwanza ya kusikilizwa. Kwa mwandishi wa habari anayetumwa Ngorongoro au Msomera, hilo si somo la teolojia. Ni somo la nani umuulize kwanza.

Dosari ya pili ni ya vyuo vikuu vyetu vyote. Mwanafunzi anafundishwa uandishi kwa Kiingereza, kisha anaajiriwa kuripoti kwa Kiswahili. Miaka mitatu anajifunza kutaja mambo kwa lugha moja, maisha yake yote yaliyobaki anayatafsiri. Matokeo tunayasoma kila asubuhi gazetini: sentensi zilizovaa suti ya kuazima. Nimefanya kazi na wahariri wengi waliopita Nyegezi, ni watu makini, na ninaamini tatizo haliko kwao. Mtu hujifunza kuona kwa lugha anayosomea.

Mbona basi tuliwahi kuweza? Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Göttingen mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli. Ndani yake kuna Salim bin Abakari akisimulia safari ya Urusi na Siberia. Anatazama Ulaya kwa jicho la mtu wa pwani, anapima, anashangaa, anacheka, kwa Kiswahili kisichoomba radhi. Mwaka 1932 Martin Kayamba akatoa Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, baada ya kwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge akiwa na Chifu Makwaia na Francis Lwamgira. Kayamba ana adabu nyingi mno kwa wakubwa, na wasomaji wa leo wanamkasirikia kwa hilo. Mimi naangalia kiambishi kimoja kwenye jina la kitabu: tu-. Tulivyoona. Waugh ni mtalii mmoja. Hemingway ni mimi, mimi, mimi. Kayamba anasafiri akiwa watu watatu, na nyuma yao wapo waliowatuma. Huo ni mfumo mwingine kabisa wa kuandika safari, na tuliuacha njiani bila hata kuujaribu vizuri.

Ndiyo maana nasema Malimbe ni chuo ambacho hatujakisoma. Kipo zaidi ya miaka 60, kimetoa wenye kalamu wengi, na bado barabara inayokiunganisha na Karatu inaelezwa na vipeperushi vya kampuni za utalii na vitabu vya waliokuja kuwinda. Wahitimu wamekwenda kwenye magazeti, redio, ofisi za uhusiano, bungeni. Ni wachache mno waliokaa chini kuandika safari yenyewe: basi linavyopandisha ukungu alfajiri, kaburi la Grzimek linavyopita dirishani, boma lililokuwepo mwaka jana na sasa halipo, ziwa linavyotokea ukiwa umeshakata tamaa. Na kuandika kwa tu-.

Kama wewe ni msafiri na una siku moja Mwanza, nenda Malimbe. Usiende kupiga picha ya kanisa na kuondoka. Kaa kibandani, agiza chai, muulize mwanafunzi aliye karibu nawe ametokea wapi na amepita njia gani. Akikuambia Karatu, Mbulu, Loliondo au Bariadi, mwambie aandike. Na kama wewe mwenyewe ndiye uliyepita njia hiyo na begi lako, blogu hii inapokea makala kwa Kiswahili. Urefu wowote.