Kina cha -ni na Hisia za Mshairi Chipukizi

Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Wanausasa huzilaumu sheria za namna hiyo kwamba hukausha hisia. Kwa maoni yetu, lawama hiyo imekosa shabaha. Mizani 16 hazimzuii chipukizi wa Mwandiga kumlilia mvuvi asiyerudi; kinachomponza ni wepesi wa kina cha -ni, kiambishi cha mahali kinachopachikwa takriban katika nomino yoyote isiyo ya kiumbe. “Moyoni” huvuta “machoni”, na kilio hujitunga chenyewe (ndivyo tunghizi nyingi za kwanza zifanyavyo). Kina cha -se ni kigumu zaidi: humlazimu kuyapitia mawese yaliyoganda chunguni, yakimngoja mlaji.