Tembo Yatima na Walezi Wao: Uhakiki wa Kitabu na Sinema

Katika ngano zetu tembo hana jina lake mwenyewe. Huitwa Tembo au Ndovu, basi, na sehemu yake yajulikana kabla hadithi haijaanza: ni mkubwa, ana nguvu, tena ni mwepesi wa kudanganywa, na mara nyingi mwishowe hushindwa na hila za Sungura. Methali nazo humtumia vivyo hivyo. Tusemapo kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia, au kwamba ndovu hashindwi na mkonga wake, hatumfikirii tembo fulani. Twamfikiria mkubwa yeyote, au mzazi yeyote mwenye mzigo wake. Kwa lugha ya uhakiki, tembo wa fasihi yetu simulizi ni mhusika bapa.

Hapa twakusudia kuzitazama kazi mbili zinazomtoa tembo katika hali hiyo. Ya kwanza ni kitabu cha Bibi Daphne Sheldrick, An African Love Story, kilichotolewa mwaka 2012. Mwandishi alizaliwa Kenya mwaka 1934, akafariki mwaka 2018, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kulea wanyama yatima, kwanza Tsavo pamoja na mumewe David, na baada ya mume kufariki mwaka 1977, Nairobi. Ya pili ni sinema fupi kutoka Bara Hindi, The Elephant Whisperers, iliyoongozwa na Bi. Kartiki Gonsalves. Ilitolewa mwaka 2022, na mwaka 2023 ikapata tuzo ya Oscar. Swali letu ni hili: je, kazi hizi zatuonyesha nafsi ya tembo mwenyewe, au zatuonyesha tu mapenzi ya binadamu kwa tembo?

Kitabu cha Bibi Sheldrick chaanza na ajali. Mwandishi alimwona tembo jike nyikani akadhani ni Eleanor, aliyelelewa Tsavo tangu akiwa mdogo katika miaka ya 1960 na ambaye baadaye alikuwa mama wa yatima wengi. Akamwita, tembo akaja. Akamgusa, mara akarushwa kwenye mawe na mguu wake ukavunjika. Hakuwa Eleanor. Ndipo tembo huyo, kwa maelezo ya mwandishi, alipoacha ghadhabu na kujaribu kumwinua taratibu kwa pembe zake. Msomaji mwenye shaka aweza kuuliza mwandishi alijuaje nia ya mnyama. Swali hilo ni halali. Lakini tukio lenyewe lathibitisha jambo kubwa zaidi ya nia: kila tembo ni mtu wake. Aliyewajua tembo kwa miaka mingi aliumia kwa sababu alimchukua mmoja kuwa ni mwingine. Mwandishi hakuona haya kuliweka jambo hilo mwanzoni mwa kitabu, na hapo ndipo tulipoanza kumwamini.

Kisa kizito kuliko vyote ni cha Aisha. Huyu alikuwa ndama mchanga mno, na kwa miaka mingi ndama wa umri huo walikuwa wakifa kwa kukosa maziwa yanayowafaa. Mwandishi alitafuta mchanganyiko unaofaa, na mafuta ya nazi yakamsaidia kuupata. Aisha akanawiri. Hata hivyo, mlezi wake alikuwa mmoja tu. Mlezi alipoondoka kwenda kwenye arusi ya bintiye, ndama alidhoofika, akafa. Maziwa yalikuwa yale yale. Aliyekosekana ni mama.

Hapa kitabu chavuka mpaka wa masimulizi ya huruma na kufikia hekima. Bibi Sheldrick alijifunza kutokana na kifo hicho kwamba mapenzi ya mtu mmoja yaweza kumwua anayependwa. Katika kituo cha Nairobi akaweka utaratibu ambao umedumu: watunzaji ni wengi, hulala bandani pamoja na ndama, na kila usiku hubadilishana ili yatima awapende wote bila kumtegemea mmoja. Baadaye ndama hupelekwa Tsavo au kwingineko, ambako hurudi nyikani hatua kwa hatua, akifuata tembo wakubwa waliokuwa yatima kabla yake. Baadhi ya majike waliokwisha kujitegemea wamerudi kuwazuru watunzaji wakiwa na watoto wao waliozaliwa mwituni. Ukoo ulioharibiwa na wawindaji waanza kuundwa upya.

Sinema ya Bi. Gonsalves ina uzuri wa namna nyingine. Mahali ni kambi ya Theppakadu, katika msitu wa Mudumalai, jimbo la Tamil Nadu. Wahusika wakuu ni Bomman na Bellie, watu wa kabila la Kattunayakan, na ndama wao wawili, Raghu na Ammu. Raghu alipoteza mama yake kwa kupigwa na umeme, naye alipofikishwa kambini alikuwa na majeraha. Bellie, ambaye amefiwa na binti yake, anakuwa mama tena kwa kumlea. Twamwona Raghu akiogeshwa mtoni, akibembelezwa, akilishwa kwa mkono, akidai hiki na kukikataa kile kama mtoto aliyezoea kusikilizwa. Kisha wakubwa wa idara ya misitu wanamwondoa na kumkabidhi kwa mlezi mwingine. Majonzi ya nyumba ile yanaonyeshwa kwa utulivu, bila kelele.

Katika jambo moja sinema yakishinda kitabu. Bomman na Bellie wanasema wenyewe, kwa Kitamil chao. Katika kitabu, watunzaji Waafrika waliolala na ndama usiku baada ya usiku twawaona kwa macho ya mwandishi tu. Twaamini kwamba yako mengi wayajuayo juu ya tabia za tembo: yupi mwenye wivu, yupi mwoga, yupi wa kuwaliwaza wageni wanapoletwa. Elimu hiyo yangoja mwandishi wake, na wengi wa watu hao huzungumza Kiswahili.

Lakini sinema nayo ina pengo, tena pengo kubwa. Haituambii Raghu atakuwa nani atakapokua. Theppakadu ni kambi ya tembo wa kazi. Wakubwa hufundishwa, na wengine hutumiwa kuwafukuza au kuwakamata tembo wa mwituni wanaoingia mashambani. Mtazamaji anaondoka na machozi ya kuagana, asijue yule ndama anaagwa kwenda wapi.

Wasomaji wetu wa Kongo wanayo sababu ya kuliuliza swali hilo. Tangu enzi ya Leopold wa Pili, katika eneo la Uele kaskazini-mashariki mwa nchi yao, palikuwa na kituo cha kufugia tembo, ambacho baadaye kilihamishiwa Gangala-na-Bodio. Ndama wa huko hawakuokotwa wakiwa yatima. Walikamatwa mwituni, wakafundishwa kulima na kuvuta mizigo. Nao walikuwa na watu wa kuwalisha na kuwaogesha kila siku, na ukaribu haukukosekana. Kwa hiyo ukaribu peke yake haututoshi kuwa kipimo. Yatupasa kuuliza malezi yanaelekea wapi, na ni nani atakayefaidika tembo akishakua. Kitabu cha Bibi Sheldrick chalijibu swali hilo; sinema yalipita kando.

Kwa walimu wenzetu, kazi hizi zina manufaa ya pekee. Mwandishi wa Kiingereza hulazimika kuchagua: amwite mnyama kwa kiwakilishi cha kitu, au amtunukie kile cha mtu. Bibi Sheldrick alichagua cha mtu, na wako waliomlaumu wataalamu wa namna hiyo kwa kuwapa wanyama nafsi. Sarufi yetu ililimaliza shauri hilo zamani. Twasema tembo huyu amekuja, kama tusemavyo mtoto huyu amekuja. Upatanisho huo umekuwa mazoea hata hatuusikii tena, nasi twampa tembo ngeli ya mtu huku tukimnyima jina na tabia yake.

Twapendekeza basi kwamba kisa cha Aisha kisimuliwe darasani kando ya ngano ya Sungura na Tembo, na wanafunzi waulizwe ni yupi kati ya tembo hao wawili wanayeweza kumtabiri. Wa ngano watamtabiri wote. Juu ya Aisha watabishana, na katika mabishano hayo watakuwa wameanza kujifunza maana ya mhusika.