Pongezi kwa Wapimaji wa Usikivu

Katika nyika za Doldol, Laikipia, ambako mtoto asiyeitika mwito wa mwalimu aweza kudhaniwa mkaidi, ilhali masikio yake yamedhurika kwa usaha wa siku nyingi, hapana ilimu iliyo azizi kuliko ya yule ajuaye kumsikizisha sauti nzito na nyembamba, akabainisha kadiri ya usikivu uliosalia. Kwa hiyo twaishukuru kwa dhati Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, iliyoasisiwa Nairobi mwaka 1986, kwa kuwafunza walimu tathmini hiyo ya usikivu. Lakini kipimo pekee hakitoshi, kwani hata kifaa cha kusikia apewacho mtoto, pasipo fundi wa kukirekebisha na mwalimu wa kukifuatilia darasani, hakina manufaa. Wapimaji hawa wastahili heshima, na Laikipia yawahitaji zaidi.