Sifuri ya Hemingway
Msimu wa karafuu, sisi wa Kiuyu, Pemba, hatutui gunia mizanini mpaka sindano isimame kwenye sifuri. Mwindaji anayeshuka safarini naye hupiga kwanza risasi mbili tatu kwenye karatasi, mita 100. Darubini ya bunduki iliyotikiswa na barabara ikikosea sentimita 5 hapo, mita 200 ni 10, na mnyama anaondoka na jeraha.

Nimesoma Green Hills of Africa (1935), kitabu cha Hemingway cha uwindaji wa Tanganyika, nikiwa na sifuri hiyo kichwani. Dibaji inaahidi ukweli mtupu. Kwenye bunduki ahadi inatimia: palahala aliyemjeruhi anampoteza, na lawama anaibeba mwenyewe. (Hapo nilikifunga kitabu kwa muda.)

Na M'Cola, mbeba bunduki wake? Fisi akipigwa risasi, tunaambiwa M'Cola anaona kichekesho. Nani alimuuliza? Kicheko kilionekana, sawa. Sababu yake Hemingway anaikisia, kisha anaiandika kana kwamba kaambiwa. Tena kwa Kiswahili cha kuokoteza! Bunduki ikikosea, mnyama humjulisha. Sikio lake likikosea, M'Cola hana pa kumsahihisha.