Kasi kama Pazia: Upelelezi na Vitendo katika Filamu za Enzi ya Victoria

Wahakiki wengi wa fasihi wanapozitaja filamu za upelelezi zenye mbio, ngumi na milipuko, huzitaja kana kwamba wanaomba radhi. Hoja yao yafahamika: riwaya ya upelelezi ni utanzu wa akili, filamu ya vitendo ni utanzu wa misuli, na viwili hivi vinapokutanishwa misuli huimeza akili. Kwa mujibu wa hoja hii, Sherlock Holmes iliyoongozwa na Guy Ritchie mwaka 2009, pamoja na ile iliyoifuata mwaka 2011, Sherlock Holmes: A Game of Shadows, ni kielelezo cha jinsi soko la filamu linavyoweza kumtwaa mwanafikra mashuhuri na kumgeuza bondia. Makala haya hayakubaliani na rai hiyo. Tunakusudia kuonyesha kwamba katika filamu bora za aina hii vitendo haviuondoi upelelezi. Vinafanya kazi ambayo katika maandishi ya Arthur Conan Doyle hufanywa na Daktari Watson, yaani kuuficha ukweli huku ukiwa mbele ya macho yetu. Humo ndimo ulimo mvuto wa filamu hizi. Humo pia, kama tutakavyoona, ndimo ilimo kasoro yake.

Yafaa kwanza tuiondoe dhana kwamba vitendo vimepachikwa na watu wa sinema. Katika A Study in Scarlet (1887) Watson anaorodhesha ujuzi wa mwenzake, na miongoni mwa aliyoyataja ni ndondi, upanga na mchezo wa fimbo. Katika The Sign of Four (1890) bawabu mmoja aitwaye McMurdo, ambaye zamani alipigana kwa fedha, anamtambua Holmes kwa kukumbushwa raundi walizopigana ulingoni. Na riwaya hiyo hiyo yafikia kilele chake kwa mashua za mvuke zinazofukuzana katika mto Thames. Bondia anayepambana na Holmes katika filamu ya 2009 amepewa jina hilo hilo la McMurdo, jambo linaloonyesha kwamba watunzi wake walikisoma kitabu kwa makini kuliko baadhi ya wanaowalaumu. Tofauti ni kwamba Doyle aghalabu huvitaja vitendo vikiwa vimekwisha kutendeka. Hata mapambano ya Holmes na Moriarty kwenye maporomoko ya Reichenbach, katika The Final Problem (1893), hatuyaoni. Watson anafika akakuta nyayo na barua. Alichokifanya Ritchie ni kukileta jukwaani kile ambacho Doyle alikiacha nyuma ya jukwaa.

Sasa tuiangalie kazi ya Watson. Watson ni jicho lisilo na tafsiri. Huyaona matope, huliona jivu la sigara, huona mkono uliobabuka kwa jua, na yote anatuandikia kwa uaminifu. Asichokiona ni uhusiano baina ya vitu hivyo. Hivyo Doyle hatudanganyi. Anatuazima macho ya mtu mwema asiyeelewa, nasi tunakwama pale pale anapokwama yeye. Katika sura ya mwisho ya A Study in Scarlet, Holmes anaeleza kwamba watu wengi huweza kufikiri kutoka kwenye sababu kwenda kwenye tokeo, lakini ni wachache wawezao kuanza na tokeo wakarudi nyuma hadi kwenye sababu. Usimulizi wa Watson umejengwa kwa kanuni hiyo: tokeo hutangulia, sababu hufuata, na raha ya msomaji imo katika muda wa katikati, anapongoja.

Filamu haina msimulizi wa namna hiyo. Watson yumo kama mhusika (na Jude Law anamwigiza kwa ukakamavu unaomwondolea ule ubwege aliovishwa na Nigel Bruce katika filamu za zamani), lakini kamera haitazami kwa macho yake. Kamera huona kila kitu. Basi ukweli utafichwa vipi? Jibu la Ritchie ni kasi.

Onyesho la kwanza la filamu ya 2009 linatufundisha jinsi ya kuitazama filamu nzima. Holmes, anayeigizwa na Robert Downey Jr., anamvizia mlinzi gizani. Mara picha zinapungua mwendo, na sauti ya Holmes inatupangia mapigo moja baada ya jingine: udhaifu wa mlinzi uko wapi, pigo la kwanza litue wapi, la pili litaleta nini. Kisha mambo yote hayo yanatendeka kwa mwendo wa kawaida, kwa sekunde chache tu. Jambo hilo linarudiwa ulingoni, Holmes anapokabiliana na McMurdo. Safari hii anakadiria hata muda ambao mpinzani wake atauchukua kupona. Wapo walioliona kuwa pambo tu. Sisi tunaliona kuwa ndilo kiini cha filamu. Kwanza, linaipindua kanuni ya Doyle: hapa sababu inatangulia na tokeo linafuata. Pili, na hili lina uzito zaidi, linamwekea mtazamaji rehani. Akishaonyeshwa mara mbili kwamba nyuma ya pigo la haraka kulikuwa na hesabu ya polepole, mtazamaji ataamini kwamba hesabu ipo hata pale asipoonyeshwa. Na kwa kweli, baada ya ulingo haonyeshwi tena. Filamu inaendelea kwa mkopo wa imani hiyo.

Tazama onyesho la maabara ya Reordan. Holmes ananusa, anagusa, anaokota. Kila kitu atakachokihitaji baadaye ili kuifumbua siri ya Lord Blackwood kinapitishwa mbele yetu, au angalau kinadokezwa. Lakini kabla hatujapata wasaa wa kujiuliza chochote, majambazi waliotumwa kuichoma maabara wanaingia, miongoni mwao jitu la Kifaransa lenye nyundo, na rabsha inatoka nje hadi kwenye karakana ya meli, ambako meli nzima inaporomoka na kuzama mtoni. Mtazamaji anacheka, anashtuka, anasahau. Alichokiona katika maabara kimefunikwa kama nyayo zifunikwavyo na maji kujaa. Dalili hazikufichwa, ila hatukupewa muda wa kuwa nazo. Ndiyo maana Holmes anapoyaeleza mambo yote mwishoni, juu ya daraja la Tower Bridge ambalo bado linajengwa, picha za nyuma zinaturudia na tunajikuta tukikiri kwamba tulikuwepo. Huo ndio mshtuko ule ule anaoupata msomaji wa Watson, umefikiwa kwa njia nyingine.

Je, ni haki? Mtu aweza kudai kwamba mtazamaji hakupewa nafasi ya kweli ya kushindana na mpelelezi. Dai hili lina ukweli, ila halimhusu Ritchie peke yake. Doyle mwenyewe mara nyingi alikuwa mchoyo wa dalili, na mashindano ya haki kati ya mwandishi na msomaji ni sharti lililoshika mizizi baada yake, katika miaka ya 1920.

Kuhusu enzi, isidhaniwe kwamba Holmes hawezi kutoka katika karne yake. Basil Rathbone alimwigiza katika filamu mbili za enzi ya Victoria mwaka 1939. Kuanzia mwaka 1942 kampuni ya Universal ilimhamishia kwenye Vita Vikuu vya Pili akapambane na Wanazi. Mwaka 2010 BBC ilimpa simu ya mkononi. Kwa hiyo kumrudisha kwenye London ya mwaka 1890 ni uamuzi, nao una faida yake ya kifani. Ofisi ya alama za vidole ya Scotland Yard ilianzishwa mwaka 1901. Kabla ya hapo mpelelezi wa hadithi hutegemea pua yake, ulimi wake, vidole vyake. Mwili wake ndio maabara. Katika enzi kama hiyo si ajabu mtu anayefikiri kwa pua akapigana kwa ubongo, na mpaka kati ya akili na misuli, ambao wahakiki wetu wanaulinda sana, unafifia wenyewe.

Mpaka huo tumeuchora hata katika historia ya riwaya ya Kiswahili. Kwa kawaida tunawafundisha wanafunzi kwamba kuna nyumba mbili: ya Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mwenye kiko na hoja, ambaye nasaba yake na Holmes haina haja ya kuthibitishwa tena; na ya Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona (1974), mwenye bastola na mbio. Nyumba ya kwanza tunaihesabu kuwa fasihi, ya pili tunaibandika jina la fasihi pendwa kisha tunapita. Lakini tukiuliza jinsi siri inavyofichwa, tofauti inakuwa ya mbinu, si ya daraja. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, maiti inapatikana penye mzimu, na kila mtu ana sababu ya kuogopa. Pazia la Abdulla limefumwa kwa mazungumzo, kwa maneno ya watu wanaojuana mno, yenye ukoo na fitina ndani yake. Ritchie naye anamweka Blackwood, mtu aliyenyongwa akatoka kaburini, na London nzima ikaamini kwamba ana nguvu za giza. Mpelelezi wa Unguja na mpelelezi wa London wanaifanya kazi moja, ya kuwatenganisha watu na hofu yao. Mmoja anaificha njia yake katika maongezi, mwingine katika mbio.

Hapo ndipo swali zito linapozuka, nalo ni lile la vitu vingine ambavyo pazia hili linavificha. Blackwood ana njama ya kuliua Bunge kwa sumu, kuitwaa serikali na kuirudisha Marekani chini ya milki ya Uingereza. Filamu inaisawiri tamaa hiyo ya kutawala dunia kama wazimu wa mtu mmoja aliyevaa koti jeusi. Lakini mwaka huo huo wa 1890, tarehe 1 Julai, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa Heligoland na Zanzibar, na visiwa vya Bwana Msa vikawa himaya ya Waingereza kwa wino, bila uchawi wala sumu. Bunge ambalo Holmes analiokoa kwa kasi ya kusisimua ni bunge la milki hiyo. Hatusemi kwamba filamu ilipaswa kuwa somo la historia. Tunasema tu kwamba mtazamaji hapewi nukta ya kutulia akajiuliza ni kitu gani hasa kimeokolewa.

Mfano ulio wazi zaidi ni Young Sherlock Holmes, iliyoongozwa na Barry Levinson mwaka 1985. Wazee wa London wanakufa mmoja mmoja kwa mishale midogo yenye dawa ya kuleta njozi. Hatimaye mmoja wao anaungama: ujanani, yeye na wenzake walikuwa wakijenga hoteli huko Misri, wakafukua makaburi ya kale, wenyeji walipopinga, jeshi la Kiingereza likaitwa na watu wakauawa. Muuaji ni mtoto aliyenusurika. Kumbe chimbuko la jinai yote ni jinai ya kikoloni! Lakini hata kabla ungamo hilo halijatulia masikioni, mshale unampata muungamaji mwenyewe, anamrukia Holmes, na vurugu zinaanza upya. Filamu imekiri na kufunika katika onyesho moja. Baada ya hapo mwana wa waliouawa anabaki kuwa jitu ovu la kukimbizwa hadi kwenye barafu.

A Game of Shadows inastahili kutajwa kando, kwa sababu inajaribu kuzuia kasi yake yenyewe. Profesa Moriarty hataki tena mali ya wizi. Anajinunulia viwanda vya silaha na vya bandeji pia, ili vita vikija Ulaya auze vyote viwili. Holmes na wenzake wanapotoroka kiwanda chake cha Heilbronn kupitia msituni, mizinga inafyatuliwa nyuma yao, na picha zinapungua mwendo hadi tunaliona kombora likipita na gome la mti likipasuka. Awali mwendo wa polepole ulikuwa wa kuonyesha akili ikipanga. Hapa hakuna anayepanga lolote. Tunaonyeshwa chuma na nyama tu. Ni sehemu bora kuliko zote katika filamu hizi mbili. Hata hivyo filamu inavitazama vita vya mashine kama balaa ambalo mwaka 1891 bado lilikuwa njiani. Bunduki ya Maxim ilikuwa imebuniwa tangu mwaka 1884, na walioionja mapema kwa wingi hawakuwa Wazungu: Wamatebele mwaka 1893, Wasudani huko Omdurman mwaka 1898. Kasri la Sultani wa Zanzibar lilipigwa mizinga ya manowari tarehe 27 Agosti 1896, na vita vikaisha kabla ya saa moja.

Pambano la mwisho la filamu hiyo, juu ya roshani ya Reichenbach, linapiganwa vichwani. Holmes anaanza kupanga mapigo yake kwa mwendo ule wa polepole tuliouzoea, na mara tunaisikia sauti ya Moriarty ikimjibu, naye akipanga yake. Wawili hao wanapigana hadi mwisho bila mmoja wao kuinua mkono, na hesabu inamwonyesha Holmes kwamba, kwa bega lililojeruhiwa, atashindwa. Ndipo anapompulizia adui makaa ya kiko usoni, akamkumbatia, wakaanguka pamoja. Watson anafungua mlango wakati huo huo. Anayaona yote kwa macho yake, kama kawaida yake, na safari hii sisi tunajua asichokijua.