Nane kwa Saba

Kwa shangazi yangu Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, kifurushi cha king'amuzi kikiisha katikati ya mwezi hakilipiwi mpaka mwezi uishe. Linabaki dishi la zamani juu ya bati na chaneli zake za bure, na mojawapo ni ya Wajapani, NHK. Huo ndio mlango nilioingilia sumo. Japani wametutangulia kwa saa sita, kwa hiyo wakubwa wao wanapopanda ulingoni jioni, kwetu ni kati ya saa nne na saa sita mchana, muda wa supu, banda limejaa madereva wa malori na utingo wao.

Siku za kwanza walicheka. Miili ile, mishipi ile, chumvi inayomwagwa kwa konzi. Wanaume wawili wanatazamana na kuchuchumaa na kuinuka kwa dakika nne, kisha pambano linakwisha kabla hujameza tonge. Dereva mmoja wa Tunduma akasema ni kama mizani tu: foleni ndefu, kupimwa kufumba na kufumbua.

Wiki ya pili hakuna aliyecheka, maana walishaielewa hesabu. Mashindano makubwa ni sita kwa mwaka, kila moja siku 15, na kwa wale wa madaraja ya juu ni pambano moja kila siku. Hakuna sare. Ukishinda nane, unapanda au unajishikiza. Ukishinda saba, unashuka. Kati ya wanamieleka wapatao 600, ni 70 tu wa madaraja mawili ya juu wanaolipwa mshahara. Waliobaki wanapika, wanafagia kambi na kuwahudumia wakubwa. Msimamo wenyewe huandikwa kwa mkono, kwa wino: majina ya juu manene, na kadiri unavyoshuka yanakonda mpaka ya mwisho yanakuwa kama unywele. Sijaona orodha ya wafanyakazi hapa kwetu yenye ujasiri wa kusema hivyo waziwazi.

Kama kawaida yetu, tulimtafuta wa kwetu. Niliwasimulia habari za Abdelrahman Shaalan wa Misri, Mwafrika wa kwanza katika sumo ya kulipwa, aliyepewa jina Osunaarashi, yaani dhoruba kubwa ya mchanga. Julai 2013 ilipoangukia Ramadhani alipigana akiwa amefunga. Julai 2014 aliwaangusha mayokozuna wawili, Kakuryu na Harumafuji, siku mbili mfululizo. Banda lilishangilia kana kwamba ni jana. Kisha wakauliza yuko wapi sasa. Ikanibidi niseme: mwanzoni mwa 2018 alipata ajali akiendesha gari, jambo ambalo wanasumo wamekatazwa, leseni hana, na kwanza akadai aliyekuwa kwenye usukani ni mkewe. Machi akaondoka. Madereva walicheka mpaka machozi. Mimi nilijiona mdogo, kwa sababu miaka yote niliyojivunia yule mtu sikuwahi kufuatilia magoti yake yaliyoharibika wala kuporomoka kwake kwenye msimamo. Habari za "Mwafrika wa kwanza" ndivyo zilivyo: zinampandisha mtu jukwaani na hazina ngazi ya kumshusha.

Shangazi alikuwa na swali lake. "Mbona simwoni mwanamke hata mmoja pale juu, hata wa kufagia?" Nikamweleza ya Maizuru, Aprili 2018: meya alianguka ulingoni akihutubia, wanawake wakapanda haraka kumhudumia, na kipaza sauti kikawaamuru washuke. Chama cha sumo kiliomba radhi baadaye. Shangazi alisonya tu, akaenda kugeuza nyama.

Lakini mjadala uliochukua siku nzima ulitokana na kitabu. Nilikuwa nimesoma Freakonomics ya Steven Levitt na Stephen Dubner, ya 2005, ambayo sura yake ya kwanza inawaweka wanasumo pamoja na walimu wa Chicago walioghushi majibu ya mitihani. Levitt na mwenzake Mark Duggan walichambua mapambano yapatayo 32,000 ya wanamieleka 281, kuanzia Januari 1989 hadi Januari 2000. Wakamtafuta mtu anayeingia siku ya mwisho akiwa na saba kwa saba, mbele ya mtu ambaye tayari ana nane. Kwa rekodi zao za nyuma, wa saba angetarajiwa kushinda chini kidogo ya nusu ya mara hizo. Alishinda karibu asilimia 80. Wakikutana tena na hesabu haimbani yeyote, kiwango chake kinashuka hadi kama asilimia 40. Deni limelipwa.

Dereva wa Tunduma hakuona kosa. "Mwenzio anashuka, wewe umeshapona. Unamkaba wa nini? Huo ni utu." Utingo wake, kijana mdogo, akasema huko ni kuuza mechi, wizi kama wizi mwingine. Walibishana mpaka supu ikapoa.

Kitabu kinampa utingo ushindi wa haraka mno. Kinanusa udanganyifu kwa ustadi na kinaandikwa kwa raha ya mtu aliyemfuma mwizi. Ila pambano linasomwa kama jambo la watu wawili: mwenye saba na mwenye nane, motisha ya huyu na motisha ya yule. Kwa kusoma hivyo, hata utu wa dereva unabaki na pa kujificha, maana kati ya wale wawili hakuna aliyeumia. Mwenye jina jembamba chini ya msimamo hatajwi. Yule aliyestahili kupanda endapo wa saba angeshuka hayupo ukurasani, na ndiye aliyelipia zawadi.

Mwaka 2011 polisi wa Japani, wakichunguza kamari ya besiboli, walikuta kwenye simu za wanamieleka jumbe za kupanga nani aanguke na namna ya kuanguka. Mashindano ya Machi, Osaka, yakafutwa. Zaidi ya 20 walilazimishwa kuondoka, wakiwemo wa daraja la pili, palepale penye mpaka wa mshahara. Habari nilizozisoma zilijaa majina ya wapangaji. Waliokuwa wakisubiri chini yao, wakipika, hawakuwa na jina hata moja.

Nalijua hili kwa upande usiopendeza. Nilipomaliza chuo nilipata kazi ya muda Kilosa, ukarani wa miezi mitatu. Kwenye usaili nilikuwa wa chini ya waliohitajika. Mjomba akampigia mtu simu, mtu akasema "huyu ni binti yetu," na orodha ikabandikwa upya. Hakuna aliyepewa hela. Ulikuwa utu mtupu, na mama alinipikia pilau. Msichana aliyekuwa juu yangu kwenye orodha ya kwanza nilimwona stendi jioni hiyohiyo, na bahasha yake ya vyeti, akisubiri gari la Kimamba. Tulisalimiana vizuri. Hakujua, au alijua.

Sikuwaambia haya bandani. Nilisema tu kwamba kitabu kimesahau mtu wa tatu, na dereva akaniuliza huyo wa tatu ni nani, nikasema sijui jina lake.

Siku ya 15 akaingia mtu wa saba kwa saba, mbele ya mtu wa nane kwa sita. Utingo alisimama. Waligongana, kifua kwa kifua, wa nane akarudi nyuma hatua moja, mbili, kisigino kikagusa majani ya ukingo, akatoka.

"Amepewa yule!" utingo akapiga kelele.

"Ameshinda," dereva akasema.

Wakarudia polepole. Nilitazama kisigino kile. Kilikuwa kimekanyaga kwa nguvu, vidole vimejikunja, kama vya mtu anayejizuia. Au vya mtu anayejua kamera iko wapi. Wakarudia tena kwa upande mwingine.

"We binti," shangazi aliita kutoka jikoni, "vitunguu vinakungoja."