Mji Uliopitwa na Jeshi: Mbarara katika Masimulizi ya Vita vya Kagera

Ikisiri

Makala hii inahakiki vitabu vya historia ya kimasimulizi vilivyoandikwa kuhusu Vita vya Kagera (1978–1979) kwa kuangalia jambo moja tu: namna mji wa Mbarara unavyoingia katika masimulizi hayo na namna unavyotoka. Tunadai kwamba msuko wa safari ya jeshi, ambao kwa sehemu umerithiwa kutoka utenzi wa vita, huuondoa mji katika hadithi siku ileile unapotekwa. Kasoro hiyo ni ya umbo kabla ya kuwa ya siasa. Wasomaji tulionao akilini ni wa mtaa wa Nyamityobora, mjini Mbarara, na wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Swali la msomaji

Nyamityobora ni mtaa wa mjini ambamo Kiswahili husikika kila siku, na si kwa sababu ya shule. Miongoni mwa wakazi na wapita njia wake wamo watu waliotoka Nakivale, wilayani Isingiro, ambao huja mjini kwa biashara, kwa matibabu au kwa masomo ya watoto. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda hao wana lugha zao, ila Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Wakati wa kutayarisha makala hii nilisoma sehemu za vitabu vya Vita vya Kagera pamoja na wasomaji wachache wa mtaa huo. Tulipofika mahali ambapo jeshi linaiacha Mbarara na kusonga mbele, mama mmoja aliyekimbia kutoka Kivu aliuliza kama mwandishi atarudi baadaye kutueleza watu wa mji walilala wapi usiku ule. Tulipekua kurasa kwa muda mrefu. Mji unatajwa tena, lakini kama jina kwenye ramani.

Swali lile ndilo lililonielekeza. Msomaji yule hakuuliza nani alishinda, wala hakuvutiwa na idadi ya vifaru. Yeye amewahi kukaa katika mji ambao jeshi limepita, na anajua kwamba hadithi yenyewe huanzia hapo.

Mambo yenyewe yanafahamika. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania na kulikalia eneo la kaskazini mwa mto Kagera, takriban kilomita za mraba 1,800. Novemba 1 Amin akatangaza kuwa eneo hilo ni la Uganda. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa kuhusu sababu, nia na uwezo, na Watanzania wa rika fulani hawajaisahau hotuba hiyo mpaka leo. Mutukula ikatwaliwa Januari 1979. Masaka na Mbarara zikafuata mwishoni mwa Februari, na Kampala tarehe 11 Aprili.

Vichwa viwili, anguko moja

Vitabu viwili vya Kiswahili vilitoka upesi. Baldwin Mzirai, mwandishi wa habari, alichapisha Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980. Mwaka uliofuata Henry Muhanika akatoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Kimoja ni nathari na kingine ni ushairi, lakini vichwa vyao vinasema jambo lilelile: vita hivi ni hadithi ya mtu mmoja anayezama, au anayeanguka. Kichwa cha namna hiyo ni ahadi kwa msomaji. Kinamwambia kilele kitakuwa wapi na kitabu kitaishia wapi. Amin hakuanguka Mbarara. Alianguka Kampala, na kwa hiyo kila kilichotokea kabla ya Kampala kinakuwa ngazi ya kupandia.

Sisemi kwamba waandishi hawa walikosea kumchukia Amin, wala kwamba walipaswa kusubiri. Tanzania ilikuwa imeingia gharama kubwa ya watu na mali, na wananchi walistahili kusimuliwa kwa lugha yao wenyewe, mapema, kitu walichokilipia. Ni jambo la kujivunia kwamba masimulizi ya mwanzo ya vita hivyo hayakungoja kuandikwa kwa lugha ya wengine. Linalonishughulisha ni umbo lililokuwa tayari mkononi mwa mwandishi wa Kiswahili alipoketi kuandika.

Umbo hilo ni la kale. Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728, umejengwa juu ya safari ya jeshi: sababu inatajwa, wapiganaji wanakusanywa, jua na kiu vinavumiliwa njiani, adui anakabiliwa, Mungu anashukuriwa. Katika mfumo huo mahali hupata uhai kwa muda ambao msafara upo. Msafara ukishaondoka, mtunzi anaondoka nao. Muhanika alipochagua utenzi alichagua pia mwendo huu, na nathari ya wakati huo, ijapokuwa haina vina wala mizani, hutembea kwa hatua zilezile. Kwa simulizi ya jangwani mwendo huu hauna hasara kubwa. Kwa nchi yenye miji, masoko, hospitali na misikiti, hasara yake ni kubwa mno.

Angalia pia vitenzi. Katika maelezo ya vita hivi, maandishini na vinywani, miji ya Uganda ama hutekwa au hukombolewa. Kutekwa ni neno la upande wa jeshi, nalo halijifichi. Kukomboa lina mzigo zaidi. Mtu hukomboa rehani, hukomboa shamba lililowekwa dhamana. Yaani mtu hutoa kitu ili mali irudi kwa mwenyewe. Tukiandika kwamba Mbarara ilikombolewa, sarufi yenyewe inatudai tutaje mwenye mali aliyerudishiwa mji wake, na tutaje aliyelipa. Tanzania ililipa, hilo halina ubishi. Ila Mbarara nayo ililipa, na malipo yake hayamo katika kitenzi hicho.

Waliouona moshi

Kitabu kinachokaribia zaidi kuyataja malipo hayo hakikuandikwa kwa Kiswahili. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa habari wa Kimarekani waliokuwa wakiishi Dar es Salaam, waliambatana na jeshi la Tanzania na kuchapisha War in Uganda mwaka 1982. Hao wameeleza bila kuficha kwamba askari walioshuhudia uharibifu wa Kagera walilipiza: majengo yaliyokuwa yamesalia Masaka na Mbarara yalilipuliwa kwa baruti baada ya miji hiyo kutwaliwa. Ulipuaji haukuwa sehemu ya mapigano. Mapigano yalikuwa yamekwisha.

Ninawaheshimu kwa ukweli huo, kwani waliupenda upande wa Tanzania na bado waliandika. Hata hivyo tazama namna tukio linavyofanya kazi katika masimulizi. Linaelezwa kama hali ya moyo wa askari: alichokiona Kagera, hasira yake, kisasi chake. Jengo linalolipuka ni sentensi ya mwisho katika hadithi ya aliyelilipua. Aliyekuwa na duka chini ya paa lile hana sentensi. Kisha magari yanaondoka, waandishi wamo ndani yake, na sisi tunaondoka nao. Machi 1979 wanafika Lukaya, ambako jeshi la Amin lilisaidiwa na Walibya, na hapo kuna pigano halisi, lenye kurudi nyuma na kusonga mbele, la kumfurahisha kila msimulizi. Mbarara haikuwa na pigano la aina hiyo, na pengine ndiyo maana haikumbukwi.

Kumbukumbu za Yoweri Museveni, Sowing the Mustard Seed (1997), zingetarajiwa kutupa mtazamo wa ndani, kwani mwandishi alisoma Ntare, hapohapo Mbarara. Humo mji unatokea, kwa mfano, tarehe 17 Septemba 1972, wapiganaji walipoingia kutoka Tanzania wakashindwa kwenye kambi ya Simba, na tena mwaka 1979. Mara zote mbili ni hatua katika maisha ya mpiganaji mmoja. Mwenyeji wa mji pia, akishashika bunduki, husimulia kama msafara.

Kilichotokea baada ya ukurasa wa mwisho

Kuna jibu la haki ambalo mhakiki lazima alisikilize: kitabu hakiwezi kusema yote, na msimulizi asiyechagua hana hadithi. Ni kweli. Lakini historia ya Maji Maji inatuonyesha gharama ya kuchagua mwisho mahali pasipofaa. Risasi zilikoma mwaka 1907, na waliokufa kwa njaa iliyoletwa na mbinu ya Wajerumani ya kuchoma vyakula ni wengi kuliko waliouawa kwa silaha. Anayekifunga kitabu chake siku ya risasi ya mwisho amewaacha nje marehemu walio wengi. Gilbert Gwassa na John Iliffe walipokusanya kumbukumbu za wazee, wakazichapisha mwaka 1968, maana ya vita vile ilibadilika, kwa sababu sauti za watu waliobaki ziliingia.

Mbarara na nchi ya Ankole inayoizunguka zilikuwa na njaa yao, kwa maana ya mkasa unaoanza jeshi likishapita. Katikati ya mwaka 1979 Waislamu waliuawa katika eneo la Bushenyi, magharibi mwa Mbarara, wakibebeshwa dhambi za utawala wa Amin, ilhali wengi wao walikuwa wakulima na wachuuzi tu. Oktoba 1982, chini ya serikali ya pili ya Obote, watu walioitwa Wanyarwanda, wakiwemo raia waliozaliwa Uganda, walifukuzwa kutoka mashamba yao ya Ankole. Makumi ya maelfu walivuka mpaka kuingia Rwanda, na wengine wakasukumwa Nakivale na Oruchinga. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaporwa, na baadhi ya waliopora walikuwa majirani.

Matukio haya hayawezi kuingia katika kitabu kinachoitwa anguko la Amin. Yametokea baada ya anguko. Msomaji wa Nyamityobora akivifunga vitabu hivi anaelewa kwamba Aprili 11 mambo yalikwisha, halafu anapanda gari kwenda Nakivale na kukuta makazi ambayo historia yake ni ya watu waliofika kila mara mambo yalipotangazwa kuwa yamekwisha.

Mfano uliosahauliwa

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta umbo jingine, wala kutoka nje ya Kiswahili. Mwaka 1965 André Yav, akiwasemea waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini Elisabethville, leo Lubumbashi, aliandaa historia ya mji huo kwa Kiswahili cha Katanga. Wengi wetu tuliifahamu kupitia kazi ya Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990. Kiswahili chake kingepigiwa mistari myekundu na mwalimu yeyote wa sarufi. Lakini msimulizi wake hasafiri. Mabwana huja na kuondoka, kampuni huja, serikali hubadilika, na aliyesimama jikoni yuko palepale akiwahesabu. Kinachosogea katika maandishi yale ni watawala. Mji ndio unaotazama. Huo ni mwendo kinyume kabisa cha mwendo wa Tambuka, na tunashangaa kwa nini fasihi yetu ya historia imeupa nafasi ya kitu cha makumbusho badala ya kuufuata kama mfano.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini Uganda. Kwa Waganda wengi wa umri mkubwa Kiswahili ni lugha ya askari: lugha ya kizuizi cha barabarani na ya amri ya kufungua mlango usiku. Sasa kimeingia shuleni kwa nguvu mpya; mtaala wa mwaka 2020 umekifanya somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo ya sekondari, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakiidhinisha kuwa lugha rasmi. Vitabu vya kusomwa vitatafutwa. Vitabu vya Vita vya Kagera vitakuwa miongoni mwa vya kwanza kupendekezwa, kwa sababu vinahusu Uganda na vimeandikwa vizuri. Mtoto wa Mbarara atafundishwa lugha ya askari kwa hadithi ya askari, na katika hadithi hiyo mji wake utakuwa kituo cha kupumzikia. Sipendekezi vitabu hivyo vizuiwe. Napendekeza visisomwe peke yake, na kwamba anayeandika leo aanze na mtaa: nani alikaa hapa mwaka 1972, paa gani liliondoka Februari 1979, nani alihamia kiwanjani baadaye, na nani alifukuzwa mwaka 1982 kutoka kiwanja kingine akaja kupanga chumba.

Kiswahili cha kitabu hicho hakitakuwa cha Dar es Salaam. Wenye kumbukumbu watazungumza Runyankore, wenye kuzoea kusimulia makimbilio watazungumza Kiswahili cha Kivu, na mwandishi atalazimika kuamua ni maneno mangapi ya kwao ataacha yalivyo. Mimi ningeacha mengi.

Nakala yangu ya utenzi wa Muhanika bado iko Nyamityobora. Kijana aliyeiazima ameomba akae nayo kidogo. Anamsomea bibi yake kwa sauti, akimfasiria ubeti kwa ubeti. Bibi huyo alikuwa Mbarara Februari ile, na nimeambiwa kwamba humkatiza mara kwa mara.